Mnakusanyaje mahitaji ya mteja mpaka mfumo usikataliwe siku ya demo?

fundi_mifumo_moro

Habari za mda huu wakuu. Niko Morogoro, tuko vijana watatu tunatengeneza mifumo ya ofisi ndogo ndogo, nimekuja kwenu na jambo ambalo limeniumiza kweli na naomba ushauri wa watu waliolipitia.

Mwaka jana tulipata kazi ya mfumo wa wanachama na mikopo kwenye SACCOS moja ya watumishi, jina naliacha. Tukaitwa kikao na bodi, meneja yupo, tukakaa kama masaa mawili, nikauliza mnataka mfumo ufanye nini, wakaongea mwenyekiti, katibu na meneja, mi naandika tu, nikatoka na kurasa tatu zimejaa. Mkataba ukasainiwa tukaingia kazini miezi minne. Siku ya demo projekta imewashwa, naonyesha mwanachama anasajiliwa, anaomba mkopo, riba 12% kama walivyosema, anarejesha, ripoti inatoka. Karani wa mikopo, ambaye siku ya kikao kile hakuwepo, akanyoosha mkono akasema hii riba sisi hatukokotoi hivi. Meneja akamwambia ndivyo. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Hilo halijaisha mhasibu akauliza makato ya mishahara yanaingiaje, nikamwonyesha sehemu ya kuingiza malipo ya mwanachama, akaniuliza tuna wanachama 640, hela inakuja kwa mkupuo mmoja na orodha ya Excel kutoka kwa mwajiri, nani atakaa aingize mmoja mmoja? Nilikosa jibu. Mpaka saa saba mchana kauli ikawa "huu sio mfumo tulioomba" na malipo ya awamu ya pili yamesimama mpaka leo.

Kinachonichanganya ni kwamba nimerudia kurasa zangu tatu mara nyingi na kila walichosema kimo. Wiki ijayo tunaanza na mteja mpya, SACCOS ya wafanyabiashara wa sokoni, sitaki yajirudie maana tutafunga ofisi. Nyie mnauliza maswali gani? Mnaanza na nani? Kuna fomu mnatumia?

mzee_wa_leja

Pole sana mdogo wangu, na umefanya vizuri kueleza yote bila kuficha. Nimefanya kazi hizi za ushauri wa mifumo kwa miaka mingi, nyingi kwenye vyama vya ushirika, na ulichoeleza kilinikuta mimi pia zaidi ya mara moja.

Shida imeanzia kwenye kiti ulichokalia siku ile. Ulikaa meza ya bodi, kazi inafanyika kaunta. Mwenyekiti wa bodi anaijua sera, na sera ni kitu kizuri, ila mkopo hautoki kwa sera, unatoka kwa mikono ya yule karani aliyenyoosha mkono. Tuchukue hiyo riba yako maana hapo ndo patamu. Mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12 kwa riba 12%. Mmoja kichwani kwake riba ni 144,000, igawe kwa 12, kila mwezi mwanachama analeta 100,000 ya mkopo na 12,000 ya riba mpaka mwisho. Mwingine anakokotoa kwa salio linalopungua, mwezi wa kwanza riba 12,000, wa pili 11,000, wa tatu 10,000, inashuka hivyo mpaka mwezi wa mwisho 1,000, jumlisha unapata 78,000. Tofauti ni 66,000 kwa mwanachama mmoja tu, na wote wawili wakikaa kwenye kikao watakwambia "riba yetu ni 12%" na hakuna aliyedanganya. Kwaiyo ukiandika "riba 12%" kwenye karatasi bado hujaandika kitu. Ungemwomba karani pale pale akutolee faili la mkopo wowote uliokwisha, mkalipitia naye rejesho kwa rejesho, ungeliona jambo hili kabla hujawasha laptopu.

Ndo maana mimi siku hizi swali la "mnataka mfumo ufanye nini" nimeliacha kabisa. Mtu ukimuuliza anataka nini anaanza kufikiria vitu alivyoviona benki, anakwambia tunataka ujumbe wa simu, tunataka grafu. Namuuliza hivi: mkopo wa mwisho uliotoka hapa ni wa nani (jina anaweza kuliacha), aliomba lini, fomu ilianzia wapi, ikaenda kwa nani, ilikaa wapi, kuna mahali ilirudishwa? Alafu naomba kuona hiyo fomu. Alafu nauliza mkopo wa mwisho uliokataliwa. Na wa mwisho ambao mtu alishindwa kurejesha, wadhamini walibanwaje. Mtu anayesimulia jambo lililotokea juzi hawezi kukupa sera, atakupa kilichofanyika.

Na kusanya makaratasi. Fomu ya kujiunga, fomu ya mkopo, pasibuku, stakabadhi, leja, ile orodha ya makato, ripoti ya mwisho iliyopelekwa mkutano mkuu. Kila kisanduku kwenye fomu muulize anayekijaza kinamsaidia nini. Kuna vingine hata wao hawajui, na kuna vitu vimeandikwa kwa kalamu pembeni ya fomu maana nafasi yake haipo, hivyo vya pembeni viangalie kwa jicho kali. Ila ukiomba nakala waambie wafunike majina na namba za vitambulisho, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, mambo ya kutumiana picha za fomu za wanachama kwenye WhatsApp tuyaache.

La mwisho, kuna watu hawakai kwenye kikao chako ila wana mahitaji. SACCOS kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ziko daraja la tatu, zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kuna taarifa zinatakiwa na kuna mfumo wao wa MUVU, wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika. Kuna mkaguzi wa nje, kwa wengi ni COASCO, lile shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Muombe meneja akuonyeshe hoja za ukaguzi za mwaka uliopita kama ataridhia. Karatasi ile ni dhahabu, inakwambia ofisi inaumia wapi bila mtu yeyote kuona aibu kukwambia.

mama_hesabu

Nimesoma nikasema leo lazima niandike maana mimi niko upande ule mwingine, ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo na nilianzia ukarani. Kaka fundi, niruhusu nikwambie kwa nini hatusemi.

Walikuja vijana kama nyie ofisini kwetu miaka ya nyuma. Kikao kikakaa, mwenyekiti akaulizwa mkopo wa dharura unatoka kwa mda gani, akajibu saa 24, na kweli ndivyo sera ilivyoandikwa. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma na daftari langu na najua unatoka siku ya nne, kwa sababu wajumbe wa kamati ya mikopo wako vituo tofauti na fomu lazima izunguke isainiwe, mara nyingine namtuma bodaboda kwa hela yangu. Nilinyamaza. Utamsahihishaje mwenyekiti mbele ya wageni? Siwezi, na mkurugenzi wenu angekuwa amekaa pale na nyie msingeweza. Mfumo ukaja una kengele, saa 24 zikipita fomu inakuwa nyekundu na ujumbe unaenda kwa mwenyekiti kwamba karani amechelewesha. Yaani mfumo ukawa wa kunishtaki mimi. Unafikiri niliutumia kwa moyo? Tulikuwa tunaingiza fomu kwenye mfumo siku ambayo tayari imeshasainiwa na wote, ili isomeke saa 24. Wakubwa wakawa wanaona ripoti nzuri sana.

Kwahiyo ukija, kaa na karani peke yake, mkubwa asiwepo, na umwambie mapema kabisa kwamba hukuja kumpunguza kazi wala kumpima. Hilo linatusumbua kuliko mnavyodhani, kompyuta ikija kila mtu anajiuliza atabaki nani. Na usije na maswali arobaini yaliyochapwa, kaa tu kwenye kiti pembeni angalia. Njoo siku tulivu kuuliza, alafu njoo tena siku ya makato kuangalia bila kuuliza, kwa sababu siku ile hatuna mda wa kukujibu ila ndo siku kazi yote inaonekana. Orodha ya mwajiri inakuja mtu mmoja ameandikwa Mwanaidi, kwetu ni Mwanahidi, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye mishahara) imekosewa tarakimu moja, mwingine amehama mkoa makato yake hayajaja, mwingine amekatwa mara mbili. Tunazipanga kwa mkono mpaka usiku.

Na kuna daftari. Kila karani analo, liko kwenye droo, halimo kwenye taratibu zozote. Mle ndo kuna waliolipa nusu, waliolipa kwa simu kwa jina la mtoto, mdhamini aliyekuja kusema ajitoe. Karani akikuaminia mpaka akakufungulia hilo daftari umeshajua mfumo unatakiwa kufanya nini. Usilipige picha kabla hujaomba.

programa_mwz

Mama hesabu umeongea vitu vizito sana. Ila mimi nataka nipinge kidogo hapo juu, mzee wa leja samahani. Yote haya ni sawa lakini kilichommaliza huyu kijana ni kukosa karatasi iliyosainiwa inayosema mfumo utafanya hiki na hautafanya hiki. Unaweza kukaa na karani mwezi mzima, mkabadilishana mpaka namba za nyumbani, siku ya demo bodi ikabadilika akaja mwenyekiti mpya akasema mi sikuambiwa, ukawa umeliwa. Andika kila kitu, kila kitu kiwe na namba, vya lazima peke yake, vya kusubiri awamu ijayo peke yake, na visivyokuwemo VIANDIKWE kwamba havimo. Kikiombwa kipya katikati kinaandikiwa fomu ya mabadiliko yenye bei yake na siku zake. Na malipo yagawe, la kwanza liwe la kazi ya kukusanya mahitaji tu, kabla hata ya kukubaliana bei ya kutengeneza mfumo. Wengi tunaifanya bure hiyo kazi ndo maana tunaiharakisha.

mzee_wa_leja

Hapo kwenye kulipwa awamu ya kukusanya mahitaji peke yake nakuunga mkono kwa asilimia zote, ningekuwa na uwezo ningewalazimisha vijana wote wafanye hivyo. Na saini ni lazima, sikatai. Ninachosema ni kwamba mwenyekiti hasomi kurasa 40, anasaini kwa heshima, alafu siku ya demo saini yake haikusaidii kwa sababu hakujua anasaini nini, na hutamshtaki mteja kwenye mji mdogo ambao wote wanajuana. Mimi nasainisha mifano. Ukurasa mmoja: mkopo wa 1,200,000, miezi 12, haya hapa marejesho yote 12 kwa tarakimu. Ukurasa wa pili: mwanachama huyo huyo mwezi wa tano makato hayakuja, salio linasomekaje, faini ipo au haipo. Wa tatu: amemaliza mapema mwezi wa nane. Karani anapitia anasema hapa sivyo, mnarekebisha, anatia saini yake chini, alafu ndo inapanda kwa meneja na bodi. Mtu asiyejua kompyuta kabisa anajua hela, hatakosea kuona tarakimu isiyo sawa. Na siku ya demo unaingiza mifano ile ile, tarakimu zikitoka sawa na karatasi basi ubishi unakuwa umeisha.

Kuna tukio la London huwa nawasimulia vijana ninaofanya nao kazi. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilihamia kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga magari. Mfumo ulitegemea taarifa kamilifu ya kila gari liko wapi na linafanya nini, maana yake wahudumu ndani ya gari wabonyeze kitufe sahihi kila hatua, huku mgonjwa yuko mahututi. Wahudumu hao hawakuhusishwa vya kutosha wakati mfumo unaandaliwa. Taarifa zikaanza kupotoka, mfumo ukawa haujui magari yako wapi, mahali pengine yakatumwa magari mawili na pengine watu wakasubiri mda mrefu mno, na siku chache baadae, tarehe 4 Novemba, mfumo ukazima kabisa. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 1993. Orodha ya makato ya mama hesabu ni kitu kile kile, ukitengeneza mfumo unaoamini kwamba orodha itakuja safi umeshashindwa.

makanga_wa_data (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu wa bara. Naongezea langu dogo kutoka huku Mombasa. Tulifanyia kazi sacco ya matatu, yaani magari ya abiria, nyinyi mwaita daladala. Wakubwa walitwambia rahisi tu, kila gari linachanga kila siku kwa Paybill (malipo ya simu), namba ya akaunti ni namba ya gari, mfumo uhesabu. Tukaona kweli ni rahisi. Bahati nzuri mwenzangu alikwenda kushinda steji siku tatu. Anayelipa ni makanga (konda), mwenye gari yuko kwao hata hajui leo imelipwa. Mwanachama mmoja ana magari matatu, na hisa ni za mtu si za gari. Gari likiuzwa katikati ya mwezi mnunuzi si mwanachama, na pesa zaendelea kuingia kwa namba ile ile. Makanga akikosea herufi moja ya namba ya gari pesa imeingia kwa mwenzake. Hakuna hata moja ya hayo lilotajwa kikaoni.

Jambo lengine lilotufaa sana ni kuchora skrini kwa karatasi za kawaida, kalamu na rula. Ukimuonyesha mtu skrini iliyokwisha kupambwa aona haya kusema yamkosesha, aona mmeshafanya kazi kubwa. Karatasi huichukua akaikata kwa kalamu yake mwenyewe. Karani wetu alifuta kisanduku cha jina la mwanachama akaandika juu "namba ya gari kwanza", kwa sababu hakuna mtu ajaye kaunta akataja jina lake, wote wataja gari. Hilo peke yake lilibadilisha mfumo mzima jinsi unavyotafuta watu.

fundi_mifumo_moro

Wakuu shikamooni na asanteni kwa moyo wa dhati. Narudi na mrejesho maana nilifuata mlichosema na sina budi kuwaambia.

Kabla ya kikao cha bodi nilimwomba meneja ruhusa tukae sokoni siku mbili. Mwenyekiti kwenye simu alishaniambia wanachama wanarejesha kila mwezi. Nimefika nimekuta kuna mama anapita vizimbani kila asubuhi na kijitabu, anakusanya rejesho la siku, anasaini kwenye kijitabu cha mwanachama na kwenye cha kwake, jioni ndo anapeleka ofisini. Cha "kila mwezi" ni ripoti tu. Mwanachama anajulikana kwa namba ya kizimba na jina la utani, jina la kwenye kitambulisho nusu yao hata majirani hawalijui. Simu nyingi zimesajiliwa kwa majina ya watoto kama mama hesabu alivyosema. Siku ya mvua kubwa mama hapiti, na siku hiyo haihesabiwi kama mtu amekosa kulipa, hilo halijaandikwa popote ila wote wanalijua. Siku ya pili karani alinifungulia daftari la kwenye droo mwenyewe bila mi kuomba. Nilijisikia vibaya nikikumbuka yule karani wa mwaka jana, nimempigia nikamwomba radhi na tumepanga nikakae nae, pengine ile kazi itaokoka.

Sasa nimekwama sehemu moja naomba mnisaidie. Mkopo pamoja na riba ni 530,000, siku 90. Ukigawa inakuja 5,888 na ushee, hakuna anayeitoa hiyo sokoni, mama anachukua 6,000 kila siku. Mama na karani wanasema mwanachama anamaliza siku ya 89 kwa kutoa 2,000 tu. Mwenyekiti anasema hapana, analipa 6,000 siku zote 90, inafika 540,000, na ile 10,000 inaingia kwenye akiba yake. Vijitabu nilivyoona vingine vimeishia 89 na vingine vimefika 90. Niuweke mfumo ufuate nani?

mzee_wa_leja

Usifuate yeyote, hiyo sio kazi yako kuamua, hela ni za wanachama. Andika kurasa mbili za mifano, moja ya siku 89 na moja ya siku 90, tarakimu zote mpaka salio la akiba mwishoni, uzipeleke kwenye bodi wachague na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mpaka muhtasari usainiwe hiyo sehemu usiiguse, tengeneza zingine. Na uwaulize pia waliomaliza zamani kwa siku 90 akiba zao zinasoma ile 10,000 au hazisomi, maana siku mnahamisha taarifa za zamani kuingia kwenye mfumo swali hilo litakuja na mkaguzi nae ataliuliza.

mama_hesabu

Na kaka, ukienda kwenye hiyo bodi usiseme "mwenyekiti anasema hivi karani anasema vile", utamchongea mwenzio. Sema tumekuta vijitabu vya aina mbili. Beba viwili vitatu, kwa ruhusa ya wenyewe, uviweke mezani wavifungue wao.

fundi_mifumo_moro

Nimeelewa dada yangu. Kikao ni Alhamisi saa nne, na mama wa kijitabu nimemwombea kwa meneja awepo, amekubali.